Taa nyekundu kwenye donda ndugu: mwongozo kamili kwa wanaouguza nyumbani

Swali ninaloulizwa mara nyingi hapa Mwanza na watu wanaouguza wazazi wao nyumbani ni hili: "Nimemulika kidonda cha mama miezi miwili sasa, mbona hakifungi?" Nikiomba nionyeshwe wanavyofanya, karibu kila mara nakuta makosa yale yale. Taa si ya aina inayofaa, au inawashwa kwa muda uliopita kiasi. Mwanga unaishia kwenye dawa na nyama mfu kabla ya kuzifikia seli hai. Na mguu wenyewe, baada ya kumulikwa asubuhi, unakanyagiwa mchana kutwa.

Mwongozo huu unahusu vidonda vya miguu vilivyokaa zaidi ya wiki 4 hadi 6 bila kupona, hasa vya kisukari, vya mishipa ya kurudisha damu na vya selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Tuelewane mapema juu ya jambo moja. Mwanga mwekundu na ule wa jirani yake usioonekana kwa macho hunyonywa na mitokondria, yaani vinu vya nishati vilivyomo ndani ya seli, na hivyo huweza kuzisaidia seli za kidonda kufanya kazi ya ujenzi. Baadhi ya majaribio kwa wagonjwa yameonyesha vidonda kusinyaa haraka zaidi, mengine hayakuona tofauti. Kwa hiyo taa ni nyongeza juu ya matibabu, na anayeacha matibabu ili aitegemee taa atapoteza muda, pengine na mguu.

## Nani asitumie taa hii

Usimulike kidonda ambacho kingo zake zimevimba na kupinduka nje, kinachoota nyama kama koliflawa, au kinachotoka damu kwa kuguswa kidogo. Kidonda kilichokaa miaka mingi huweza kugeuka saratani ya ngozi, na kinahitaji kukatwa kipande kidogo kipimwe hospitali kwanza. Pia usimulike mguu wenye usaha mwingi, weusi wa nyama iliyokufa, homa au uvimbe unaopanda, kwa kuwa huo ni mguu wa kupelekwa hospitali leo.

Mgonjwa mwenye kifafa asiwekwe karibu na taa inayowaka na kuzima harakaharaka. Anayetumia dawa zinazoifanya ngozi isivumilie mwanga, zikiwemo baadhi ya antibaotiki kama doksisaiklini, amwulize kwanza daktari aliyeziandika.

## Vifaa vya kuandaa

- Taa ya tiba ya LED yenye mwanga mwekundu wa nanomita (kizio cha urefu wa mawimbi ya mwanga) 630 hadi 660, au iliyochanganya huo na mwanga usioonekana wa nanomita 810 hadi 850.
- Miwani ya kukinga macho iliyokuja na taa, kwa mgonjwa na kwa msaidizi.
- Rula, kalamu ya wino usiofutika na karatasi angavu ya nailoni ya kujaladia madaftari.
- Glavu, gozi safi, bandeji, na maji ya chumvi ya hospitali au ya kutengeneza nyumbani.
- Kijiti au uzi uliokatwa kwa urefu wa umbali ulioandikwa kwenye maelezo ya taa.
- Simu ya kuhesabu sekunde, na daftari.

## Hatua ya 1: Jua kinachokizuia kidonda kupona

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Kidonda kilicho chini ya unyayo, hasa chini ya vidole, kwa mtu mwenye kisukari na ganzi, kinakaa kwa sababu kinakandamizwa kila hatua. Kilicho juu kidogo ya kifundo upande wa ndani, mguu ukiwa umevimba na ngozi imekuwa nyeusi na ngumu, mara nyingi kinatokana na damu kutuama. Vidonda vya selimundu, ugonjwa ambao Kanda ya Ziwa tunaujua vizuri mno, hupenda kukaa karibu na vifundo na huuma sana. Mguu wa baridi, wenye maumivu ya usiku yanayopungua mgonjwa akiuning'iniza kitandani, una upungufu wa damu inayoingia.

Kila chanzo kina dawa yake, nayo si taa. Wa kisukari anahitaji kuuondolea unyayo uzito na kudhibiti sukari. Wa damu kutuama anahitaji bandeji ya kubana, lakini ni lazima mtaalamu apime kwanza kama damu inafika vizuri kwenye mguu, kwa sababu kuubana mguu usiopata damu kunaweza kuuua. Kwa walio jijini, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando na ile ya mkoa ya Sekou Toure ndiko vipimo hivi vinakopatikana. Aliye Ukerewe au Sengerema aanzie hospitali ya wilaya na aombe rufaa mapema.

Utajua hatua hii imekamilika ukiweza kujibu kwa sentensi moja: "Kidonda hiki hakiponi kwa sababu ya jambo fulani, na tumeanza kuliondoa." Kama jibu huna, usinunue taa bado.

## Hatua ya 2: Pima kidonda na kukichora

Kabla ya kumulika mara ya kwanza, pima urefu mahali palipo parefu zaidi, kisha upana unaoukata urefu huo. Zidisha. Kidonda cha sentimita 6 kwa 4 kina takriban sentimita mraba 24. Kisha safisha kipande cha ile karatasi angavu kwa spiriti, kiache kikauke, kiweke juu ya kidonda bila kukandamiza na uchore kingo. Upande uliogusa kidonda uufute kwa spiriti, andika tarehe, uutunze.

Macho ya anayeuguza hudanganya. Anayekiona kidonda kila siku hukiona kimepungua kwa kuwa anatamani kipungue, na nimewaona watu waliosema "kinaendelea vizuri" wakati michoro yao wenyewe ilikuwa inapanuka.

## Hatua ya 3: Hakikisha ulichonacho ni taa ya tiba

Kuna mzee mmoja, mfanyabiashara wa samaki, ambaye kijana wake alimnunulia taa nyekundu akaifunga juu ya kitanda. Ilikuwa taa ya kulelea vifaranga, ile balbu ya wati 250. Mzee alikuwa na ganzi ya kisukari, hakusikia kitu, na asubuhi malengelenge yalikuwa yamezunguka kidonda cha awali. Alikuwa na kidonda kimoja, sasa akawa navyo vitatu.

Taa ya vifaranga hutoa joto. Taa ya tiba hutoa mwanga wa urefu maalum wa mawimbi, na ngozi haitakiwi kuungua wala kuhisi zaidi ya uvuguvugu. Balbu ya kawaida iliyopakwa rangi nyekundu haifai pia, wala taa za mapambo za ukanda. Hatari kuliko zote ni taa za kuua vijidudu za mwanga wa urujuanimno, ambazo huchoma ngozi na macho. Hizo zisiletwe karibu na mgonjwa kabisa.

Kwenye boksi tafuta mambo matatu: urefu wa mawimbi kwa nanomita, nguvu ya mwanga kwa miliwati kwa kila sentimita mraba, na umbali ambao nguvu hiyo ilipimwa. Namba ya wati pekee haikusaidii, kwa sababu inaeleza umeme unaotumika, haielezi mwanga unaofika kwenye ngozi. Programu za simu za kupima mwanga nazo hazipimi kipimo hiki. Mwulize muuzaji kama kifaa kimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na akianza kuzungukazunguka, umepata jibu.

Mwanga wa nanomita 850 hauonekani, kwa hiyo baadhi ya vitaa vitaonekana kama vimekufa. Vielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu: kwenye simu nyingi vitaonekana viking'aa kwa weupe au zambarau.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya muda

Hapa ndipo penye makosa mengi, nami nitakaa kidogo.

Kipimo cha dawa hii, yaani mwanga, ni juli (kizio cha nishati) kwa kila sentimita mraba. Kwa vidonda, viwango vingi vilivyotumika katika tafiti viko kati ya juli 1 na 10, na kiwango cha kuanzia kinachotumika sana ni kama juli 4. Mtaalamu wako akikupa kiwango kingine, fuata chake. Kanuni ni hii: zidisha juli kwa 1000, kisha gawanya kwa miliwati. Jibu ni sekunde.

Kwa juli 4, taa yenye miliwati 20 itahitaji sekunde 200, yaani dakika 3 na sekunde 20. Yenye miliwati 50 itahitaji sekunde 80. Yenye miliwati 100 itahitaji sekunde 40 tu.

Msomaji wa Nyamagana alinionyesha taa yake ya miliwati 100 ambayo alikuwa akiiwasha dakika 20 kila jioni "ili iingie vizuri". Dakika 20 ni sekunde 1200, na hiyo ni juli 120, mara 30 ya alichohitaji. Seli zina tabia ambayo wengi hawaitarajii: mwanga kidogo huziamsha, mwanga uliozidi hauongezi faida na unaweza hata kuzizuia. Ni kama kumwagilia bustani ya mchicha. Ndoo moja inaotesha, ndoo kumi zinaozesha mizizi.

Watengenezaji wengine hutia chumvi kwenye namba zao. Hilo lisikufanye uzidishe muda kwa kubahatisha. Nguvu halisi ikiwa nusu ya iliyoandikwa, utakuwa umetoa juli 2 badala ya 4, na bado hujatoka kwenye wigo uliotumika katika tafiti.

Kama kichwa cha taa ni kidogo kuliko kidonda, gawa kidonda katika mapande na ukipe kila pande muda wake kamili. Usiisogeze taa huku na huko kama unayepiga pasi, kwa sababu hakuna pande litakalopata kipimo chake.

Fanya mara 2 au 3 kwa wiki, siku zinazoangukia wakati wa kubadilisha bandeji. Hakuna sababu ya kufungua kidonda kwa ajili ya taa pekee, kwani kila kinapofunguliwa hupoa na kupata nafasi ya kuingiwa na wadudu.

## Hatua ya 5: Safisha ili mwanga ufike

Nawa mikono kwa sabuni, vaa glavu, ondoa bandeji ya zamani kwa kuilowesha kwanza ikiwa imeganda. Mimina maji ya chumvi juu ya kidonda mpaka yatiririke safi, kisha kausha ngozi ya pembeni kwa gozi bila kusugua katikati.

Ukitengeneza mwenyewe, chemsha lita 1 ya maji yaendelee kutokota kwa dakika 5, weka gramu 9 za chumvi, ambazo ni kama kijiko cha chai kimoja na nusu kilichosawazishwa, funika yapoe, na yakipita saa 24 yamwage. Maji ya ziwani yasiguse kidonda, hata pale Kirumba au Luchelele yanapoonekana maangavu, na mgonjwa asiingie majini kusukuma mtumbwi au kufua. Ziwa lina vijidudu, na lina kichocho.

Sasa tazama rangi. Dawa ya zambarau, iodini ya kahawia, krimu nyeupe, asali na ule unga wa kapsuli ambao watu wa kwetu wanapenda kuumwaga kwenye kidonda, vyote husimama kati ya taa na seli. Mwanga unaoishia kwenye rangi haumfikii mgonjwa. Unga wa kapsuli uache moja kwa moja: unafanya gamba, unaficha usaha na unawazoesha wadudu dawa. Majivu na samadi sitavijadili.

Nyama mfu ya njano au nyeusi, na sugu ngumu inayozunguka kidonda cha unyayo, ni ukuta wa aina hiyo hiyo. Ziondolewe na muuguzi au daktari kwa vifaa safi. Usizikate nyumbani kwa wembe, hasa mgonjwa akiwa na ganzi au mguu wa baridi.

Kidonda kilicho tayari kumulikwa kina sakafu nyekundu au ya waridi yenye unyevu, hakina harufu kali, na ngozi ya kingo inaonekana.

## Hatua ya 6: Mulika

Mlaze mgonjwa au mketishe, mguu juu ya kiti chenye kitambaa safi. Vaeni miwani wote wawili. Mwanga usioonekana ni wa hila, kwa kuwa jicho haliusikii na mboni haijifungi kujikinga.

Weka taa kwa umbali wa kile kijiti, ikitazama kidonda moja kwa moja. Ukiisogeza mbali, nguvu inashuka na hesabu yote ya hatua ya 4 inavunjika. Ni lazima mwanga ufunike kidonda na ngozi ya pembeni kwa sentimita 1 hadi 2, kwa sababu ngozi mpya hutambaa kutoka kwenye kingo kuja katikati.

Weka kiganja chako cha kushoto kando ya kidonda, ndani ya mwanga, muda wote. Mgonjwa mwenye ganzi hawezi kukuambia kuwa anaungua, na kwenye ngozi nyeusi wekundu wa kuungua hauonekani kwa urahisi. Isitoshe, rangi ya ngozi yetu hunyonya mwanga zaidi na kuugeuza joto, hivyo maelekezo yaliyoandikwa kwa ngozi nyeupe yasichukuliwe kama yalivyo. Kiganja chako kikisikia moto, zima. Siku ya kwanza anza na nusu ya muda, na kesho yake gusa pembeni ya kidonda kwa mgongo wa mkono: kukiwa na joto jipya, malengelenge au maumivu yaliyoongezeka, simamisha na uende kliniki.

Umeme ukikatika katikati, andika sekunde zilizopita na umalizie zilizobaki ukirudi ndani ya muda mfupi. Usirudi nyuma kuanza upya. Taa ya kuchaji ijazwe kabla ya kuanza, kwa kuwa baadhi yake hufifia betri inapopungua. Ukimaliza, zima, subiri ipoe, ifute kwa spiriti.

## Hatua ya 7: Funga, kisha uondolee mguu uzito

Funika kwa gozi isiyogandia kidonda, weka nyingine ya kunyonya majimaji, funga bandeji. Kidonda kinapona kikiwa na unyevu wa kiasi, kwa hiyo ile desturi ya "kukiacha kipate hewa" mchana kutwa inakikausha na kuzuia ngozi isitambae. Aliyeandikiwa bandeji ya kubana aivae tena mara moja, kuanzia kwenye mizizi ya vidole hadi chini ya goti.

Wenye vidonda vya unyayo wanaoishi milimani, Igogo au Mabatini, wana tatizo ambalo mwenzao wa bondeni hana. Kuteremka njia ya mawe kunaupeleka mwili wote kwenye vidole na mbele ya unyayo, mahali hasa kidonda kilipo. Mgonjwa wa aina hii akishuka dukani mara tatu kwa siku, hakuna taa itakayomfidia. Inafaa zaidi ahamie kwa ndugu anayekaa tambarare kwa miezi michache, au apate plasta ngumu maalum ya mguu, kama ya mfupa uliovunjika, ambayo hospitali huifunga ili igawe uzito. Kandambili hazigawi uzito.

Chakula nacho, kwa ufupi: nyama mpya hujengwa kwa protini, na Mwanza hatuna kisingizio. Dagaa wanatosha, si lazima awe sato.

## Hatua ya 8: Pima kila wiki, na uamue wiki ya 4

Siku ile ile kila wiki, chora upya na uandike eneo. Dalili za mwanzo za mafanikio ni majimaji kupungua, sakafu kuwa nyekundu yenye punje ndogondogo, na ukingo mwembamba wa waridi au kijivu unaoingia ndani. Maumivu kupungua ni jambo jema, ila kwa mwenye ganzi halina maana yoyote.

Kwa kidonda cha kisukari, kipimo kinachotumika ni kupungua kwa nusu ndani ya wiki 4. Kile cha sentimita mraba 24 kiwe kimefika 12 au chini yake. Kikifika, endelea vile vile bila kuongeza muda wa taa. Kisipofika, uwezekano wa kufunga ndani ya wiki 12 ni mdogo, na kosa kubwa ni kuongeza mwanga. Rudi hatua ya 1 pamoja na daktari: damu inafika? Mfupa umeingiwa na wadudu? Sukari ikoje? Mgonjwa anatembea kiasi gani usipokuwepo? Swali hilo la mwisho waulize wajukuu.

Usingoje wiki ya 4 ukiona homa, harufu mpya, uvimbe unaopanda, ngozi iliyotanuka na kung'aa, weusi, au mfupa unaoonekana. Chukua daftari na michoro yako uende navyo. Daktari atapata kwa dakika moja historia ambayo ungemsimulia kwa nusu saa.

## Kidonda kikifunga

Endelea kufunika kwa wiki mbili hivi, kwa sababu ngozi mpya ni laini kama ya kitoto na huchubuka kwa kiatu tu. Mwanga unaweza kuuacha. Bandeji ya kubana, kwa waliokuwa nayo, hugeuka soksi ya kubana inayovaliwa kila siku. Kwa wagonjwa wa kisukari, takriban 40 kati ya 100 hupata kidonda kingine ndani ya mwaka mmoja baada ya kupona, kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kuvaa kiatu, ingiza mkono ndani upapase kama kuna kokoto au msumari, na kila jioni mtu mwingine autazame unyayo, akitenganisha vidole kimoja kimoja.